Wachochea Makaa wa Adelheid

Fuko alipenya tope la bahari kwa kulinyonya mbele na kulitema nyuma, polepole, bila papara. Alikuwa mashinembizi mwenye mikono sita, na alipewa jina la mnyama achimbaye chini ya ardhi kwa sababu kazi yao ilikuwa moja. Meli za zamani zilizofukiwa na tope la mito, ambazo mzamiaji yeyote angepita juu yazo asijue, Fuko alizifikia.

Mwaka huo wa 2068, katika jengo la utafiti lililoelea nje ya bandari ya Tanga, Mhandisi Zubeda Shekalaghe alikuwa akimwongoza Fuko ndani ya Adelheid, meli ya moshi iliyotoweka mwaka 1912 ikielekea kaskazini. Kando yake alikaa Bi Mwanahija, mwanamke wa miaka sabini na minane, aliyekuja na mkeka wake mwenyewe kwa kuwa viti vya wataalamu, alisema, vinamkalisha mtu kama mgonjwa.

Baba wa bibi yake, Mbaruku, alikuwa mchochea makaa katika meli hiyo. Meli haikurudi, ila maneno yalirudi: eti Mbaruku alishuka bandari ya njiani akaoa huko. Basi ukoo haukumsomea hitima, na bintiye akaitwa mtoto wa mtoro mpaka akazeeka na jina hilo.

"Mwanangu, kama hayumo niambie tu," alisema Bi Mwanahija. "Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Sitakuficha kitu, Bi."

Fuko akaingia chumba cha makaa. Taa zake zikamulika mifupa ya watu sita, imelala safu moja. Alikuwa na kisomanasaba, kifaa kinachochukua chembe ya jino na kuilinganisha na mate ya ndugu aliye hai. Akawapima mmoja mmoja.

"Hakuna uhusiano," alitangaza kila mara, mpaka wa sita.

Bi Mwanahija akainamisha kichwa. Zubeda alimwonea huruma sana, lakini macho yake hayakubanduka kwenye kioo. Tangu lini maji yakapanga watu hivi? Wote walilala ubavu wa kulia, nyuso zikitazama omo, yaani mbele ya meli.

"Fuko, omo inaelekea wapi sasa?"

"Kusini mashariki."

"Na ilipokuwa ikisafiri?"

"Kaskazini."

Kutoka Tanga, kibla ni kaskazini. Zubeda akaelewa. Meli ilipozama, hewa ilibaki chumbani humo kwa muda, na wale watu gizani walikisia kibla kwa kufuata omo, kama walivyoswali siku zote za safari ile. Hawakujua kwamba meli iligeuka ikienda chini.

"Bi, hawa wamelazwa," alisema. "Kila aliyekufa alilazwa na waliobaki."

Bi Mwanahija aliinua uso. "Na aliyebaki peke yake?"

Zubeda akamwamuru Fuko azungushe taa. Karibu na mlango, mbali na safu, palikuwa na mtu wa saba. Huyo alianguka kifudifudi, mkono mmoja chini ya kifua. Fuko akachukua chembe ya jino, akaipima.

"Uhusiano upo."

Bi Mwanahija alilia kwa sauti, wala hakujali wataalamu waliochungulia mlangoni. "Hukutoroka, baba! Ulikuwa na wenzako!" Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga. "Mlazeni na yeye."

Kanuni za utafiti zilikataza kusogeza mabaki bila kibali. Zubeda alizijua vizuri, maana alishiriki kuziandika. Alitazama wenzake mlangoni, nao wakatazama sakafu. Akashika usukani wa mikono ya Fuko.

"Namwelekeza kaskazini, Bi, kwenye kibla hasa."

"Hapana. Mwelekeze walikoelekea wenzake."

"Lakini kule siko."

"Najua siko. Wale aliwalaza yeye, kwa mikono yake, gizani. Wewe na mimi tumekaa kwenye taa, tumkosoe?"

Mikono ya Fuko ikashuka juu ya tope, ikamgeuza Mbaruku taratibu ubavu wa kulia, ikamlaza mwisho wa safu, uso kusini mashariki.