Manometa ya Kamio la Kule

Dereva Kule alikuwa anapanda kilima cha kutoka Nizi, kamio, lori lake, limejaa mbao, mshale wa manometa ya presha ya mafuta ya moteri ulipoanguka hadi chini kabisa. Alisimama pembeni, akazima moteri, akachomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yalikuwa yamejaa. Aliporudi kabini, moteri ikiwa bado imezimwa, mshale ulikuwa umepanda wenyewe hadi katikati, na ulikuwa unacheza polepole.

Kamio hilo la zamani, la pua ndefu, alikuwa amelinunua vita vilipotulia. Lilikuwa limeachwa porini miaka mingi, na hakuna aliyemwambia lilikuwa la nani. Barabara zilikuwa zimefunguliwa, ingawa huko Bunia watu bado walilala na viatu karibu na mlango, tayari kukimbia. Kule na Viviane, bibi yake wa ndoa, waliishi mtaa wa Mbunya, na kamio lililala uani mwao, pua ikiangalia dirisha la chumba chao.

Asubuhi Kule alimwita rafiki yake Anaclet, fundi aliyemfahamu tangu shuleni. Anaclet alibadilisha sonde inayopima presha, akasafisha waya, kisha akafunga manometa yake mwenyewe moja kwa moja kwenye moteri. Yake ilisimama imara. Ile ya kamio ilipanda na kushuka.

"Presha iko sawa," Anaclet alisema. "Pompe ni nzima. Moteri haina kitu."

"Sasa ile mushale iko inapima nini?"

Anaclet alikata waya wa manometa kwa koleo. Mshale uliendelea kucheza.

Wakati huo Viviane alikuwa anaanika nguo. Alikuwa mwimbaji wa koro ya kanisa, mwanamke wa sauti kubwa, lakini siku hizo alikuwa anapanda ngazi mbili za mlango na kupumzika. Alifika mbele ya kamio, akashika kifua, akavuta pumzi. Mshale ukashuka. Akaitoa. Mshale ukapanda. Anaclet aliangalia kifua cha yule mwanamke, akaangalia mshale, akarudia tena.

"Kule," alinong'ona. "Angalia bibi yako. Kisha uangalie hapa."

Kule aliangalia. Kutoka kwenye matundu ya hewa ya kabini ilitoka harufu ya chumba kilichofungwa, harufu ya jasho la watu wengi.

"Usimuambie," Kule alisema.

"Liache hili gari, ndugu yangu."

"Niko na mizigo ya watu."

Akaendelea kuliendesha. Lilikuwa halijawahi kupanda milima vizuri namna ile. Lilipanda na mzigo kama gari jipya, na kila aliporudi nyumbani alimkuta Viviane amekonda zaidi, amekaa kitandani na mito mgongoni, mdomo wazi. Kule aliona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Akapakia mzigo mwingine. Watu wa kanisa walikuja kuombea nyumba, wakaimba, wakaondoka, na mshale ukabaki juu.

Mwishowe Anaclet ndiye aliyemleta Mama Elisabeth, mganga wa mapepo aliyetoka upande wa Gety. Mama huyo aliweka sikio kwenye boneti, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akajifuta sikio kwa kitenge.

"Wakati wa vita watu walifichwa ndani ya hili gari, kule nyuma kwa mizigo," alisema kwa sauti ya chini. "Waliwekewa bashi ya kufunika mizigo juu, na magunia juu ya bashi. Pumzi iliwaisha mule. Jini ilifika ikakula ile pumzi ya mwisho, ikaona utamu. Sasa iko inatafuta ingine."

"Inatoka namna gani?" Kule aliuliza.

"Mutamwaga mafuta yote, muwashe moteri kavu, mpaka ishike, ikufe. Ikikosa fasi ya kukaa, itaenda. Lakini bibi yako avuke kwanza, aende ng'ambo ya mto Shari. Akibaki karibu, itamushika yeye mbele ya kushindwa."

Siku waliyopatana, mvua ilikuwa imeharibu njia. Viviane hakuweza kusimama. Kumpeleka ng'ambo kulihitaji kutafuta gari la kukodi na watu wa kumbeba, na Kule alitaka mambo yaishe. Alimtazama akiwa amelala, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo ili mganga asiingie kumwona.

"Bibi ameenda?" Mama Elisabeth aliuliza.

"Ameenda."

Anaclet alifungua bulo la chini ya karteri, tangi la mafuta ya moteri, mafuta meusi yakatiririka kwenye beseni mpaka tone la mwisho. Kule akawasha. Moteri ilinguruma bila mafuta, na mshale, ambao ungepaswa kulala chini, ulipanda mpaka mwisho na kubaki pale. Walisubiri ipige kelele, ishike. Haikushika. Iliongeza mbio, ile harufu ya jasho ikajaa uani, na katikati ya ngurumo wakasikia kitu kinagonga, ko, ko, ko.

"Ni kusineti za ndani ya moteri zinagonga," Anaclet alisema. "Sasa itashika."

Lakini kugonga kuliendelea na moteri ikazidi kwenda, na Kule akachomoa ufunguo na bado ikaenda, na Anaclet akakata mpira wa mazuti, ile dizeli inayolisha moteri, mazuti yakamwagika kwenye udongo na bado ikaenda, bila mafuta na bila mazuti, boneti ikitetemeka, moshi mweupe ukitoka na kutambaa chini ya dirisha la chumba, na Mama Elisabeth akarudi nyuma hatua kwa hatua huku akimwangalia Kule usoni.

"Iko inakula nini?" aliuliza. "Hapa hakuna mutu wake. Kule, bibi iko wapi?"

Kule aligeuza uso kwenye mshale.

Anaclet hakusikia swali lile kwa sababu ya kelele. Alijua kwamba moteri ya mazuti inayokataa kufa hunyimwa hewa, basi akang'oa filtre ya hewa, akachovya gunia kwenye maji, akaliziba tundu linalovuta hewa kwa mikono miwili na uzito wake wote. Moteri ikakohoa. Gunia likavutwa ndani, vidole vyake vikavutwa nalo, na mshale ukaanza kushuka, ukishuka taratibu huku kugonga kukizidi kuwa kwa haraka, kisha kukilegea. Kule alikuwa anauangalia mshale. Alifungua mdomo aseme ngoja. Aliona umebaki kidogo tu kufika chini, akaufunga mdomo.

Moteri ikafa. Kugonga kukafa pamoja nayo.

Mama Elisabeth ndiye aliyetembea mpaka mlangoni na kudai ufunguo. Viviane alikuwa amejikokota kutoka kitandani, amelala nyuma ya mlango, midomo imekuwa ya bluu, ngumi zake zimechubuka na damu iko kwenye mbao za mlango pale alipokuwa akigonga. Anaclet aliangalia ile damu, akaangalia mikono yake.

Walimzika kesho yake. Mama Elisabeth alirudi Gety bila kumuaga mtu. Kule alitia mafuta mapya, akarudisha filtre na mpira wa mazuti, na kamio likawaka kwa jaribio la kwanza.

"Nitaliuza," alimwambia Anaclet. "Na weye utanyamaza. Ukisema, na mimi nitasema ni mikono ya nani iliziba ile hewa."

Mnunuzi alikuwa Théodore, mfanyabiashara wa mihogo, aliyekuja na bibi yake Chancelle akiwa na mtoto mgongoni. Chancelle alipanda kabini, akapangusa vumbi kwenye kiti, akasema kwamba watasafiri vizuri humu.

Théodore alizunguka kamio, akapiga magurudumu teke, akamgeukia Anaclet.

"Fundi, mushale wa mafuta iko inacheza. Ni shida?"

Kule alikuwa amesimama nyuma ya Théodore, akimwangalia Anaclet bila kupepesa.

"Ni waya tu," Anaclet alisema. "Moteri iko muzuri."