Bolti ya Usukani

Kila akitoka shule, Kidole alipitia mlango wa nyuma wa gereji ya mama yake, akavua sare na kuvaa ovaroli. Walimwita hivyo kwa sababu vidole vyake vyembamba vilifika pasipofika mkono wa mtu mzima.

Wiki hiyo walishughulikia gari la mkunga. Injini kubwa iliyofungwa humo iliziba njia ya shafti ya usukani, fimbo ya chuma inayounganisha usukani na magurudumu, na shafti ya kulifaa gari hilo haikupatikana dukani. Kidole ndiye aliyechakura kwenye vyuma chakavu, akapata vipande viwili vya magari tofauti na kiungo cha kuviunganisha. Akapima, akachora kwa chaki sakafuni, akapiga tupa mpaka meno ya vipande hivyo na kiungo yakaingiana. Mama akamalizia kuchomelea.

Jumamosi asubuhi, mkunga alipokuja, mjomba wake Kidole, fundi wa hapo gerejini, alijipiga kifua mbele ya mteja huyo. "Shafti hii nimeiunda kwa mikono yangu, dada. Huyu mtoto alikuwa ananishikia taa tu."

"Ngoja, leo utanitambua," Kidole alisema moyoni. Mjomba alipokwenda kunywa chai na mgeni, naye mama yuko stoo, msichana alijipenyeza chini ya dashibodi na spana, akalegeza bolti ya kiungo. Mjomba angelijaribu gari, usukani umchezee mikononi, na mafundi wa mtaa mzima wamcheke mpaka walie. Kidole alitabasamu peke yake.

Lakini mjomba alirudi na kumpa mkunga ufunguo. "Endesha mwenyewe, uone kazi!"

"Vizuri, maana kuna mzazi ananisubiri." Injini ikanguruma. Nje ya geti, barabara iliteremka moja kwa moja hadi sokoni.

Kidole alilikimbilia gari. "Zima gari! Nimelegeza bolti!"

Mama alikuja mbio, akaingiza mkono, akakitikisa kiungo. Bolti ikamwangukia kiganjani.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Mjomba kaniibia kazi yangu!"

Mama akamgeukia mdogo wake. Mjomba akatazama viatu vyake. "Kaiunda yeye. Nisamehe, mpwa wangu."

Kidole alimwomba mkunga radhi huku akilia, akaikaza bolti. Mama akaikagua mara mbili.

"Ulikuwa na haki ya kukasirika," mama alisema mkunga alipoondoka. "Ungeniambia, ningemsema mjomba wako mbele ya watu wote. Lakini bolti iliyolegea haichagui wa kumuumiza. Ukishika spana, umeshika uhai wa mtu."