Alilainisha Mstari, Nikamzika Mama

Nina miaka thelathini na mitatu. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule moja ya kutwa karibu na Naro Moru, na sijaolewa. Nalitaja hilo la mwisho mapema kwa sababu ndilo watu walilonijibu nalo siku niliyosimama kuwaeleza habari za maji. Mimi nasema maji, wao wanasikia mwanamke aliyeachwa!

Wasomaji wenzangu, mkasa wangu una hesabu kidogo ndani yake, lakini msikimbie. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hukimbia kila Jumatatu na bado hurudi.

Nilikutana na Kimani chuo kikuu, sote tukisomea shahada ya pili. Kazi yangu ilikuwa kutumia hesabu za kompyuta kujua maji yatakwenda vipi bwawa likipasuka. Sikuchagua jambo hilo kwa kubahatisha. Juu ya kijito cha kwetu kuna bwawa la udongo la shamba moja kubwa la maua. Chini yake aliishi mama yangu, Maitu kama tumwitavyo mama kwa Kikuyu, peke yake tangu baba afariki, yeye na ng'ombe wake aliyemwita Meri.

Hesabu yenyewe ni hivi. Unakikata kijito vipande vidogo, kama mtu anayekata muwa. Kila kipande unakiuliza: maji kiasi gani yameingia, kiasi gani yametoka? Kisha unasogeza saa mbele kidogo tu, unauliza tena. Ukiwa na haraka ukapiga hatua kubwa, maji yanaruka kipande kizima bila hesabu kuyaona, na namba zinaingiwa na wazimu. Mara kijito kinakuwa kirefu kuliko mlima, mara kina maji chini ya sifuri!

Dawa ya kweli ni kupunguza hatua na kuvumilia, hata kompyuta ikichukua siku nzima. Kuna na dawa ya mkato. Unatia msuguano wa uongo ndani ya hesabu, namba zinatulia. Kidogo chake hakina neno, sote tunakitumia. Lakini ukitia kwa mkono mzito unalituliza hata wimbi lenyewe. Mchoro unatoka laini, unapendeza macho... na kilele cha mafuriko hakipo tena.

Kwa hiyo nilikuwa na desturi. Nikipata jibu, nakata hatua nusu, narudia. Jibu likibadilika, hilo si jibu. Kimani alikuwa akinicheka sana. "Babe, wewe hata ukisonga ugali utarudia na nusu ya unga," alizoea kuniambia, nami nacheka. Jamani, nilimpenda yule mtu!

Maitu alimpenda kunishinda. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na Kimani alijua kuijaza nafasi ile. Akija anamkatia Meri majani, anakaa jikoni anakunywa uji, anamwita Mami. Tulipopanga ruracio, siku ya watu wao kuleta mahari, Maitu alishuka soko la Karatina akanunua kitenge cha buluu na kushonesha rinda. Alilivaa mara moja tu mbele yangu, akazunguka kama msichana, kisha akalikunja akaliweka sandukuni.

Ni wakati huo bwawa lilipoanza kuvuja ukutani. Wakazi walipiga kelele, na wenye shamba wakatakiwa kuleta uchunguzi. Kampuni iliyomwajiri Kimani ndiyo iliyopewa kazi. Akaja kwangu ana furaha, akaniomba programu yangu. Nilimpa kwa mikono miwili. Nani humnyima kitu mtu atakayekuwa mume wake?

Baada ya hapo simu zikapungua. Ruracio ikaahirishwa, ati kazi imezidi. Ikaahirishwa tena. Mwishowe binamu yangu anayeuza viazi Karatina alinipigia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumehamia Sagana. Alikuwa amewaona wajomba wa Kimani na mbuzi wao wakielekea huko, wamevalia suti. Walikuwa wanaenda kwa msichana mwingine!

Nilipomuuliza aliniandikia ujumbe mmoja: "Wambui, nisamehe. Mambo ilibadilika." Basi. Miaka yetu yote ikaisha hivyo... Nililia mpaka sauti ikanikauka. Maitu naye alilia, lakini alimtafutia sababu. Labda wazazi wake walimlazimisha, alisema. Yule kijana hana roho mbaya.

Majuma machache baadaye tuliitwa kwenye ukumbi wa kanisa kusikia matokeo. Kimani alisimama mbele, koti jipya, akaangaza michoro yake ukutani. Ulikuwa mchoro wangu! Rangi zangu, vipande vyangu vya kijito... ila mstari ulikuwa laini kama uzi wa kufumia. Kile kilele nilichokijua kwa miaka hakikuwepo. Alieleza kwamba hata bwawa likipasuka, maji yatatambaa polepole, yafike kwenye napier, yale majani ya ng'ombe yaliyopandwa kando ya kijito, yaishie hapo. Hayatagusa mazizi wala nyumba.

Watu walipiga makofi. Nani anataka kuhama shamba lake mwenyewe?

Nikasimama. Nilimuuliza jambo moja tu: je, alirudia hesabu kwa hatua ndogo zaidi? Aliniangalia kama mtu asiyenijua. "Mwalimu, please, mambo ya personal tuwache nje," akasema. Ukumbi ukacheka. Nikaendelea kueleza kwamba hesabu yangu inaleta maji hadi madirishani, lakini sauti ilikatika na machozi yakaanza kunitoka. Mbele ya watu wote! Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, "Ati sasa anataka kutuhamisha sote juu ya bwana aliyemwacha!" Kicheko kikazidi. Mwenyekiti naye akaniambia kwa upole, "Mwalimu, tunaelewa uko na uchungu. Keti chini."

Aliyenivuta sweta nikae alikuwa Maitu. "Wambui, tafadhali," alininong'oneza. "Usituaibishe."

Sikuketi kimya. Nilipeleka hesabu zangu ofisi moja hadi nyingine, na kote nikajibiwa kwamba ripoti ya wataalamu imekwisha kupokelewa. Nilirudi kwa Maitu nikamsihi ahamie kwangu mjini msimu wa mvua tu. Nilimwambia, tangu bwawa lipasuke hadi maji yafike mlangoni pako, chai haitakuwa imechemka.

Akacheka. "Kama ni ile chai ya shule yenu, nitakuwa nimeshafika Nanyuki."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nitamtafutia Meri pahali. Alinishika kichwa, na macho yake yalikuwa na huruma iliyonichoma kuliko kicheko cha ukumbini. Aliniambia anajua nina uchungu, Mungu atanipa mwingine, lakini nisimpake Kimani tope kwa sababu hiyo. Mama yangu mzazi aliamini nazungumza kwa wivu!

Mvua za masika zilifika, na mwaka ule hazikuwa na utani. Mchana mmoja nilikuwa darasani nafundisha mawimbi. Mvua iligonga mabati kwa kelele hata niliacha kusema nikawa naandika ubaoni tu. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa Mama Shiku, jirani yetu anayekaa upande wa juu. Nilisikia maneno mawili: bwawa limeenda!

Nilitoka mbio na chaki mkononi. Nikapanda boda boda, yule dereva ananiambia, "Tulia, Mwalimu, tutafika." Nitulie vipi? Hakuna mtu aliyejua kama mimi muda ambao maji huchukua! Tulikuwa hata hatujaiacha lami na nilijua yamekwisha kupita.

Kilichonivunja zaidi nilikisikia kwa Mama Shiku. Alipopiga mayowe, Maitu alitoka nyumbani akapanda kilima hadi kwake. Wasomaji wangu, mama yangu alikuwa amepona! Alikuwa amesimama juu, salama, anahema... kisha akakumbuka Meri amefungwa zizini. Mama Shiku alimshika leso akamkataza. Maitu akajitoa mikononi mwake. "Wacha," alimwambia. "Kimani alisema maji haifiki kwa boma ya ng'ombe. Itaishia kwa napier."

Akashuka.

Alimfungua Meri, na Meri akapanda kilima mwenyewe. Tulimpata jioni anakula majani ya Mama Shiku. Maitu tulimpata kesho yake, mbali sana na nyumbani. Tulimzika katika lile rinda la buluu la ruracio, kwa sababu lilikuwa sandukuni na sanduku lilikutwa limenasa kwenye ua, limefungwa vizuri kama alivyoliacha.

Kimani alikuja mazishini. Alilia kuliko watu wengi, na sisemi alikuwa anaigiza. Akanifuata pembeni akaanza kusema hakujua, hakukusudia... Nikamuuliza tena swali langu la ukumbini. Je, ulirudia kwa hatua ndogo? Aliinamisha kichwa. Akasema namba zilikuwa zinaruka-ruka na ripoti ilikuwa inangojwa, kwa hiyo akazituliza. "Nilidhani iko sawa, Wambui. Ilikuwa inakaa poa." Nilimwacha amesimama pale.

Baadaye wakubwa walitoa sababu yao, kwamba mvua ilizidi. Sikubishana nao tena.

Wageni walipokwisha kwenda, nilirudi peke yangu na utepe wa kupimia. Ukuta mmoja wa nyumba ulikuwa bado umesimama, na tope liliacha alama dirishani. Nilipima. Maji yalifika pale pale mstari wangu uliposema yatafika. Miaka yote ya masomo mtu huomba hesabu yake ikutane na ukweli. Yangu ilikutana nao. Nilikaa kwenye tope la jikoni kwa mama yangu, nikalia kwa sababu nilikuwa sahihi. Laiti ningekosea! Laiti ningekuwa mwanamke mwenye wivu tu, kama walivyosema!

Ndugu zangu, nawasihi. Mkionyeshwa mstari uliotulia sana, ulizeni ulitulizwa na nini. Nanyi vijana mnaopiga hesabu hizi, kateni hatua nusu mrudie, hata kama mkubwa wenu anangoja mlangoni. Mwisho wa mchoro wenu yuko mama wa mtu na ng'ombe wake. Na mkimwona mwanamke amesimama mkutanoni analia, msihesabu machozi yake, sikilizeni anachosema. Mtu anaweza kuwa ameachwa, na maji bado yakawa yanakuja.

Mimi siku hizi chai siipiki. Nikiinjika sufuria, kabla haijachemka namwona Maitu anateremka kilima kumfungua Meri, ameshika leso yake, hana wasiwasi hata kidogo. Nazima moto, nakunywa maji.