Mshauri Aliyeshindwa Kunyamaza

Mchana ule saluni ilikuwa tupu na jua lilikuwa kali, lakini kioo cha kiti cha mwisho kilikuwa kimeshika ukungu wa pumzi. Msusi akakifuta kwa taulo. Ukungu ukarudi palepale, usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi. Ikafuata harufu ya nywele zilizofungwa zikiwa mbichi, kisha mnong'ono sikioni:

"Dada, alicheka."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, ambaye walikuwa wamemzika tangu masika.

Nyumbani alimsimulia mumewe, mtu ambaye hata msibani hakosi utani. Safari hii hakutania.

"Mke wangu, hiyo ni huzuni. Tafuta mwanasaikolojia. Ila awe na leseni, tafadhali. Tusirudie yale."

Yale yalikuwa hivi. Mdogo mtu alikuwa amemwendea bwana mmoja aliyejiita mshauri wa nafsi, akamfungulia moyo wote: ndoa yake, mimba zilizotoka, hofu zake za usiku. Yule bwana akayacheka, akayageuza soga za baa. Yakawafikia mawifi zake, wakamzomea mchana kweupe, na aibu ikamla hadi akajitoa uhai. Polisi walipokwenda ofisini walikuta chumba kitupu na tundu la msumari mahali lilipotundikwa bango.

Msusi akaanza kuzunguka jiji. Hospitali kubwa ilikuwa na mwanasaikolojia mmoja tu, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Akaandikisha jina, akaendelea kutafuta. Mwingine aliuza dawa za kupunguza tumbo juu ya meza hiyohiyo ya ushauri. Kila alipouliza leseni, alitazamwa kama mtu aliyeuliza umri wa mama mkwe. Na kila alikokwenda, ile harufu ilipanda naye ngazi, ikabaki mlangoni kumngoja.

Mpaka siku alipofika kwenye ofisi moja yenye milango ya vioo. Hapo harufu ilitangulia kuingia.

"Karibu, dada yangu," alisema mshauri, suti imemkaa, sauti kama asali. "Hapa siri yako ni siri yangu."

"Leseni yako iko wapi?"

"Iko kwa fundi wa fremu." Akatabasamu. "Wewe keti, utue mzigo."

Vioo vyote vikashika ukungu kwa mpigo. Tabasamu likamganda mshauri, kidevu kikashuka kama kimevutwa na mkono, na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti ya mdogo mtu, polepole:

"Ni huyu, dada."

Kisha sauti yake mwenyewe ikarudi, lakini yeye hakuwa na amri nayo tena, ikaanza kumwaga siri zake moja baada ya nyingine, vyeti vya kughushi, majina aliyobadili kila alipohama mtaa, wanawake waliolia mbele yake akawaigiza baa, mambo aliyomficha mkewe, mambo aliyojificha hata yeye, na alipojiziba mdomo kwa mikono miwili maneno yakapenya katikati ya vidole, na alipouma ulimi yakatoka na damu.

"Mwambie..." alipata upenyo wa pumzi moja. "Mwambie aache!"

Msusi alijua neno lake moja lingetosha. Tangu utotoni mdogo wake hakuwahi kumbishia. Akainuka, akafungua mlango wazi, wateja waliokuwa wakisubiri nje wasikie vizuri.

"Sema yote, mdogo wangu," akanong'ona.

Walinzi walimtoa yule bwana akiwa bado anasema. Mpaka leo anasema, hata usingizini, na mkewe amehama.

Hatimaye zamu ya msusi ikafika hospitalini. Mwanasaikolojia alikuwa mama wa makamo, leseni yake ukutani ina mhuri. Alimsikiliza hadi mwisho bila kutikisa kichwa.

"Ulipofungua ule mlango, ulijisikiaje?"

"Raha, daktari. Ndiyo inayonitisha."

Mama yule akatazama nyuma ya bega la msusi, akatazama muda mrefu, mpaka rangi ikamtoka. Akashusha sauti.

"Yuko nawe humu. Nikuulize, na unijibu kweli: unataka aondoke?"

Baridi ikapita shingoni mwa msusi, laini, kama mkono unaobembeleza. Akawafikiria wale mawifi waliomzomea mdogo wake.

"Bado," alisema, akasogea kidogo kwenye kochi ili mdogo wake apate pa kukaa.