Jumamosi ya Preye

Soko la kompyuta la Ikeja, Lagos, lilikuwa limefurika watu, vumbi la harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, limewapaka wote rangi moja, lakini fundi Obiajulu alimwona yule mmoja tu: gauni la kitenge cha kijani, kilemba kimefungwa upande, kompyuta kuukuu kaikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Oga, bosi wangu, saa yake imenishinda," yule dada alisema. "Nikiizima na kuiwasha, inarudi Jumamosi ileile."

"Betri ya saa hiyo, dada. Kidude kama kifungo cha shati. Kaa hapa, ule boli yangu, ndizi ya kuchoma, ingali moto."

"Wateja wote unawalisha?"

"Wazuri tu."

Jina lake Tarila. Kompyuta ilikuwa ya Preye, mchumba wake, aliyegongwa na lori akafa Jumamosi hiyo, harusi ikiwa wiki iliyofuata. Hayo aliyasema baadaye, walipokwisha kuitana mpenzi kwenye simu. Kufikia hapo betri mpya ilikuwa imeshawekwa, na maajabu ndiyo kwanza yanaanza. Obiajulu anaiweka saa sawa, anazima, anawasha, mfumo wake wa Linux unafunguka, na pale juu: Jumamosi, saa tisa alasiri. Akabadilisha betri tena. Jumamosi! Nywele zikamsimama, mchana kweupe, wachuuzi wanapiga kelele mlangoni pa kibanda chake.

"Yumo humu," Tarila akanong'ona. "Hataki niende."

Wivu ukampanda Obiajulu, na wivu una akili gani? "Basi olewa na kompyuta!"

"Unamwonea wivu maiti, Obi?" Akabeba mashine yake, akaondoka. Simu za Obiajulu zikaita mpaka zikachoka.

Siku Tarila alipopokea, Obiajulu alisema harakaharaka asije akakatiwa. "Tari wangu, nisamehe. Nadhani nimejua. Betri ilipomfia, Preye lazima aliandika amri yake mwenyewe: kompyuta ikiwaka, isiangalie saa ya ndani, ichukue ile aliyoihifadhi mara ya mwisho."

"Kwa hiyo si yeye?"

"Ni mkono wake. Siufuti mimi. Ukitaka ibaki hivyo, ibaki, nitakupenda na Jumamosi yako."

Akaja, macho yamevimba, wanja hakupaka. Amri ikaonekana kweli, mstari mmoja mfupi.

"Futa," Tarila akasema.

"Futa mwenyewe, mpenzi."

Akafuta. Wakaizima, wakaiwasha. Tarehe ikaja ya leo, saa ya leo. Wakashusha pumzi wote wawili.

Ndipo spika zikakoroma, na sauti ya mwanamume, changamfu, ikajaa kibandani:

"Preye, amka wewe mvivu! Leo ndiyo leo! Bibi harusi anakungoja, usimcheleweshe!"

Obiajulu aliruka, kiti kikaanguka. Ilikuwa kengele ya asubuhi ya harusi, aliyojitegea marehemu kwa sauti yake mwenyewe, na kompyuta haikuwahi kuifikia siku hiyo. Sasa ilipowaka ikakuta siku imeshapita, ikaita. Hakuna aliyethubutu kuizima. Ikarudia, ikarudia tena, kisha ikanyamaza yenyewe.

Tarila alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi?"

Obiajulu akapiga goti katikati ya nyaya. "Tari, utakubali nikuoe?"

"Nakubali," alisema, akimtazama yeye, na kwa mkono mmoja akaifunga kompyuta.