Kofi Nililompiga Mdogo Wangu kwa Kutaja Damu Yangu

Kofi lilisikika hadi nje ya duka!

Niliyempiga ni mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye ni mwanamke mzima wa miaka thelathini na nane, na nilimpiga mbele ya wateja wangu watatu, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni mwangu.

Kosa lake? Alitaja damu mbele za watu.

Subirini niwaeleze, halafu mnihukumu. Sikimbii.

Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kukaa. Nakaa asubuhi, nakaa mchana, naamka jioni mgongo umekauka kama ubao. Kwa hiyo nilipoanza kuona damu chooni, nikajiambia, bawasiri hiyo. Fundi gani hana bawasiri?

Nikanunua dawa ya kupaka. Damu ikawa inapotea siku tatu, inarudi.

Halafu tumbo likaanza vituko. Wiki hii choo kigumu kama kokoto, wiki ijayo naharisha. Choo chenyewe kikawa chembamba kama kamba...

Samahani kama unakula. Leo nasema vyote.

Natoka chooni, baada ya dakika tano nahisi sijamaliza. Narudi. Hakuna kitu.

Sketi zikaanza kunipwaya. Wateja wakanisifia!

"Fundi, umepungua! Unafanya mazoezi gani?"

Na mimi, mjinga, nikacheka. Nikazipunguza sketi zangu mwenyewe. Mara mbili.

Aliyeshtuka ni mdogo wangu. Tangu utoto tunamwita Kasuku, maana hana siri. Alikuja kulala kwangu wikiendi moja, akaingia chooni baada yangu. Maji yalikuwa yamekatika.

Akatoka, uso umemshuka.

"Dada, ile damu ni yako?"

"Bawasiri tu."

"Nani kakwambia?"

"Najijua mwenyewe."

"Kwani wewe ni daktari au fundi cherehani?"

Nikamwapisha asimwambie mtu. Akaapa.

Wiki mbili baadaye ndiyo akaingia dukani kwa kishindo.

"Dada, zima mashine. Mama yuko nje kwenye gari. Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unatoka damu chooni, mwezi wa tano huu! Leo unaenda hospitali hata kwa kubebwa!"

Wateja wakatazamana. Mmoja akajifanya anasoma simu yake.

Ndipo mkono ukanitoka.

"Toka! Usikanyage tena hapa! Kuanzia leo sina mdogo!"

Hakulia. Alishika shavu, akanitazama... akatoka.

Na mama? Aliingia akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mambo ya chooni hayasemwi mbele za watu. Mdogo wako amekosea."

Kuhusu damu yenyewe, hakuuliza kitu.

Miezi saba hatukusemezana. Akipiga, nakata. Akituma ujumbe, nafuta bila kusoma. Mwisho nikaifungia namba yake kabisa.

Mchana mmoja nilisimama kuchukua mkasi... nikaona ukuta unanijia. Nilizinduka hospitalini, nimetundikiwa chupa ya damu.

Wakanipitisha kamera kwa njia ya haja kubwa. Baada ya siku chache daktari, mwanamama mpole, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Ni uvimbe kwenye utumbo mpana. Majibu ya maabara yametoka. Ni saratani."

"Daktari, nina miaka arobaini na tatu! Si ugonjwa wa wazee huo?"

"Umri unaongeza hatari, lakini hata vijana tunawapokea humu. Kwenu kuna aliyewahi kuugua hivi?"

"Hakuna."

Mama alikuwa amekaa pembeni. Akaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba wake.

"Baba yao," akasema.

Nikageuka! Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na minne. Tuliambiwa vidonda vya tumbo!

"Alikuwa anatoka damu kule nyuma," mama akasema kwa sauti ndogo. "Akanikataza nisimwambie mtu. Ningemwambia nani, mwanangu? Alikuwa anaona aibu."

Miaka ishirini na tisa, jamani!

Daktari akaweka kalamu chini. "Una ndugu wa baba na mama mmoja?"

"Mmoja tu."

"Apimwe wiki hii. Hata kama hajisikii vibaya. Ugonjwa huu unaweza kukaa kimya muda mrefu."

Nikaifungua namba yake. Akapokea kwa mlio wa kwanza.

"Dada?"

"Nisamehe..."

"Umepimwa?"

"Nimepimwa. Ni saratani. Na baba pia ilikuwa hiyo. Njoo upimwe na wewe."

"Mimi mzima, dada. Nachoka tu siku hizi."

Mimi walinikata kipande cha utumbo. Uvimbe ulikuwa haujatoka nje ya utumbo. Nikatundikiwa dawa kwa miezi, nikatapika hadi nyongo. Lakini nipo.

Yeye alikuja, akapimwa. Hakuwahi kuona hata tone la damu. Uvimbe wake ulikuwa upande wa kulia wa utumbo, ambako damu haionekani kirahisi, na ulikuwa umeshafika kwenye ini.

Nikamfuata daktari kwenye korido.

"Angepimwa miezi saba iliyopita, siku aliyonifuata dukani?"



"Siwezi kukuhakikishia. Ila nafasi yake ingekuwa kubwa zaidi."

Mnaelewa? Ningeenda hospitali siku ile, mama angeulizwa siku ile. Na mdogo wangu angepimwa wiki ileile.

Siku za mwisho nilikuwa namwogesha mimi. Nilikuwa nampaka mafuta miguuni akaniuliza:

"Dada, zile meseji zangu ulizisoma?"

"Nilifuta."

"Basi. Nilikuwa nakusalimia tu."

Akafumba macho. Nilidhani kalala.

"Ukipata nguvu, waandikie watu. Na uandike choo, dada. Usiandike matatizo ya tumbo."

Tumemzika mwezi uliopita.

Ndiyo maana naandika. Ukiona damu chooni, usijiambie bawasiri. Inaweza kuwa kweli bawasiri, lakini aseme aliyekupima. Choo kikibadilika wiki kadhaa, ukikonda bila sababu, ukichoka bila kazi, nenda. Kama kwenu kuna aliyeugua, nenda hata ukiwa mzima. Waulize wazazi wako marehemu alikufa na nini hasa, na usikubali kujibiwa "tumbo."

Na siku ukiambiwa una saratani hii, mpigie ndugu yako wa damu kabla hujatoka hospitali. Hata kama mmegombana.

Hasa kama mmegombana.