Waya wa Masjala

Kila siku akitoka shule, Nadhifu alipitia ofisini kwa mama yake ili warudi nyumbani pamoja. Jina hilo alibandikwa na dada wa mapokezi, kwa kuwa mtoto huyo hakuweza kupita penye kiti kilichokaa upande bila kukinyoosha. Mama yake alikuwa fundi wa mtandao. Kompyuta zote za ofisi ile zilimtegemea yeye.

Zamani Nadhifu alifanyia kazi zake za shule masjala, chumba cha mafaili mwisho wa korido. Karani wa humo, mzee aliyemwita babu, alimchongea penseli na kumtania kwamba siku moja atamrithisha kabati zote. Kisha babu akafariki. Kompyuta yake iliondolewa, lakini koti lake lilibaki mgongoni mwa kiti, na kalenda ikabaki kwenye mwezi ule ule. Watu wazima hawakuwa na moyo wa kuingia humo. Nadhifu aliingia. Alimkumbuka mno babu, na kila saa kumi alasiri, mama akidhani yuko chumba cha mikutano, alikaa kwenye kiti kile akasoma.

Chini ya meza kulikuwa na waya wa mtandao, ncha moja imechomekwa ukutani, nyingine imelala sakafuni. Nadhifu atavumilia wapi! Kila alipoingia aliiokota ncha ile na kuichomeka kwenye tundu la pili la ukutani. Kila alipotoka aliirudisha chini, ili babu asijue kwamba vitu vyake vimeguswa. Alijua fika kwamba babu hayupo, lakini aliirudisha tu.

Wiki ile ile alipoanza kukaa humo peke yake, mtandao ukaanza vituko. Asubuhi ulikwenda vizuri, saa kumi kompyuta zote ziliganda, saa kumi na moja ukarudi wenyewe.

"Saa kumi ndipo alipokuwa akirudisha mafaili kabatini," dada wa mapokezi alinong'ona. "Marehemu anapita."

"Apite basi, lakini atuachie mtandao," dereva alijibu. Alitaka kuchekesha, ila hakuna aliyecheka, na tangu siku hiyo naye alikwepa korido ile.

Nadhifu aliyasikia hayo akasisimka mwili mzima. Kumbe babu amekasirika kukaliwa kiti chake! Kesho yake aliingia kumwomba radhi. Alipanga kila kitu kwa uangalifu zaidi, waya nao akauchomeka vizuri, na mtandao ukakatika tena. Hakumwambia mtu. Usiku alilala amejifunika gubigubi.

Wiki mbili zikapita hivyo. Mama alibadilisha kisanduku kinachogawa mtandao, kila saa kumi akahangaika nacho, na asubuhi baada ya asubuhi akapima nyaya, zote nzima. Ijumaa meneja akamwambia wazi kwamba mtandao usipotulia kufikia Jumatatu, atatafuta fundi mwingine. Nadhifu alimkuta mama ameketi kwenye korido, vifaa mapajani, macho mekundu. Hakuwahi kumwona hivyo.

"Mama, ni mimi," alisema huku akilia. "Babu ananikasirikia mimi. Kila siku saa kumi nakaa kwenye kiti chake."

Mama aliinua kichwa. "Saa kumi? Hebu twende ukanionyeshe. Fanya kila unachofanyaga, usiruke hata kimoja."

Waliingia masjala. Nadhifu aliliangalia koti, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, babu." Mama hakumcheka. Nadhifu akanyoosha kiti, akatoa daftari, kisha akainama na kuchomeka waya.

"Jamani, umekatika!" dada wa mapokezi alipiga kelele kutoka mbali.

"Chomoa," mama akasema.

"Umerudi!"

"Chomeka tena."

"Aa! Umekatika!"

Mama aliketi sakafuni akacheka, machozi yakimtoka. "Mwanangu, waya huu unatoka ukutani na kurudi ukutani. Ujumbe ukiingia huku unatokea kule, unaingia tena, unazunguka na kuzidi mpaka njia yote inaziba. Mimi nikija kupima asubuhi, wewe umeshauchomoa!"

Nadhifu mwenyewe ndiye aliyemweleza meneja. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, akaenda kushuhudia kwa macho yake, kisha akamwomba fundi radhi na kumwambia kazi ni yake.

Walipotoka, mama alisimama kwenye korido.

"Kuchomeka waya si kosa, hukujua," alisema. "Lakini uliogopa kumuudhi aliyekufa, ukaniacha mimi niliye hai nikihangaika wiki mbili. Siku nyingine ukiwa na hofu, niletee hiyo hiyo hofu, hata ukiiona ya kijinga. Tutaitafuta pamoja inakotoka."

Nadhifu alilia pale pale, na mama akamshikia begi mpaka alipomaliza.